Bakteria wazuri kwa mtoto anayeendesha: unga huu unatibu nini hasa?

Masika yakishika, mitaro ya Langoni na Mkomani mjini Lamu hufurika, visima huingiwa na maji ya juu, na wiki haiishi watoto wameanza kuendesha. Zamani mzazi alikuwa akitoka kwa kemisti na ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji. Siku hizi huenda akatoka na kijipakiti cha unga au kichupa cha matone kilichoandikwa probaiotiki, kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya ORS na zinki zikiwekwa pamoja. Akifika nyumbani maswali huanza. Ameambiwa ni bakteria wazuri. Kwani si bakteria hao hao wanaowaumiza watoto? Jirani anaapa kwamba wake alipona siku ya pili tu baada ya kupewa unga huo. Muuguzi wa kliniki naye hakuutaja kabisa.

Jirani hasemi uongo, na muuguzi hakusahau. Ili tuone jinsi wote wawili wanavyoweza kuwa sawa, inafaa kwanza tukubaliane maneno.

Kuendesha, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni kupata choo chepesi au cha majimaji mara 3 au zaidi kwa saa 24. Mtoto mchanga anayenyonya tu hupata choo laini mara nyingi kwa siku na bado ni mzima. Kwake huyo, kinachotazamwa ni choo kubadilika ghafla kuliko desturi yake. Kukiwa hakujafika siku 14, huko ni kuhara kwa muda mfupi, na ndiko tunakokuzungumzia hapa. Kukifika siku 14, kumekuwa sugu. Choo kikiwa na damu, ni kuhara damu, nako kuna matibabu yake.

Probaiotiki, kwa maana iliyowekwa mwaka 2001 na wataalamu wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) na Shirika la Afya Duniani, ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humpa mtumiaji faida ya kiafya. Hapo pana masharti matatu: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imeonekana. Kopo lolote likikosa moja kati ya hayo, lililobaki ni unga tu.

Kinachomuua mtoto

Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja ya maji, yaani chupa mbili zile ndogo za nusu lita, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo maisha yake yamo hatarini. Kinachoua katika kuhara kwa majimaji ni huko kukaukiwa, kwa maji na chumvi kutoka mwilini haraka kuliko zinavyorudi. Idadi ya vyoo inasumbua, inachosha, inamaliza nepi, lakini si idadi inayoua.

Tofauti hii ndogo ndiyo ufunguo wa mkanganyiko wote. Probaiotiki, hata pale inapofanya kazi vizuri kabisa, kinachotarajiwa kutoka kwake ni kupunguza muda wa kuhara. Hairudishi maji. Haina chumvi wala sukari ya kufanya kazi hiyo. ORS nayo, ambayo wengi huidharau kwa sababu mtoto anaendelea kuendesha baada ya kuinywa, haikuundwa kufunga choo. Probaiotiki ni ya kuziba ufa, ORS ni ya kutoa maji ngamani. Chombo kikiwa kinazama, kila baharia anajua mkono wa kwanza uende kwenye ndoo.

Ngowe, boribo na hamira

Ukimwambia muuzaji wa sokoni Malindi akupe embe, atakuuliza: embe gani? Ngowe si boribo, na utamu wa moja hauthibitishi utamu wa nyingine. Probaiotiki ni hivyo hivyo. Neno hilo linabeba viumbe wengi wasiofanana, na utafiti uliofanywa kwa mmoja hauwezi kukopeshwa mwingine. Ndiyo maana kwenye kopo la kuaminika utakuta jina lenye sehemu tatu: mbili za kumtaja kiumbe na ukoo wake, na ya tatu, herufi au namba, ya kumtaja yeye hasa. Lactobacillus rhamnosus GG ni mfano; hizo herufi GG zinatoka kwenye majina ya watafiti Gorbach na Goldin waliomtenga miaka ya 1980. Limosilactobacillus reuteri DSM 17938 ni mwingine. Kopo linaloishia kwenye Lactobacillus peke yake limekwambia "embe" likanyamaza.

Yupo wa tatu ambaye si bakteria kabisa. Saccharomyces boulardii ni hamira, ndugu wa damu wa ile inayoumua mahamri. Mfaransa Henri Boulard aliitenga miaka ya 1920 huko Indochina kutoka kwenye maganda ya matunda. Kwa kuwa si bakteria, dawa za antibiotiki haziiui. Lakini dawa ya fangasi huiua, kwa hiyo mtoto anayetiwa nistatini kwa utando mweupe mdomoni na huku akipewa hamira hii, dawa moja inaivunja nyingine. (Na la, hamira ya jikoni haichukui nafasi yake. Ni ndugu, si yeye.)

Vijidudu hivi vinasemekana kufanya kazi kwa njia kadhaa: vinashika nafasi kwenye utumbo, vinatoa asidi isiyopendwa na wadudu wa maradhi, vinaamsha kinga. Njia ya kwanza ni rahisi kuiona kwa mfano wa baraza. Baraza ikishajaa wenyeji waliokaa bega kwa bega, mgeni mkorofi hana pa kuketi. Ila mtoto anapoanza kuendesha mgeni ameshaingia. Hayupo barazani tena, yumo ndani ya vyumba. Virusi vya rota, kwa mfano, huzama ndani ya seli za utumbo mwembamba na kuziharibu. Wenyeji wanaoletwa siku ya pili na kuketishwa nje wana kazi ngumu, na wengi wao huondoka na choo baada ya siku chache. Hii haimaanishi hawana faida yoyote. Inaonyesha tu kwamba maelezo matamu ya kwenye kopo si ushahidi.

Ngoma na maji kupwa

Ushahidi wenyewe umepita njia yenye kona.

Mwaka 2010 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 63 zenye washiriki 8,014 na kuona probaiotiki zinafupisha kuhara kwa karibu saa 25. Siku nzima! Habari hiyo ndiyo iliyosambaa, na bado ndiyo inayorudiwa na wauzaji wengi. Lakini tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo, kila moja na kijidudu chake na kipimo chake, na zenye matokeo mazuri huchapishwa kwa urahisi kuliko zisizo nayo.

Mwaka 2018 zikatoka tafiti mbili kubwa. Ya Marekani iliwachukua watoto 971 wa miezi 3 hadi miaka 4; nusu wakapewa ile GG kwa siku 5, nusu wakapewa unga wa bandia unaofanana nao, bila mzazi wala daktari kujua nani kapata upi. Kuhara kulidumu saa 49.7 kwa waliopata GG na saa 50.9 kwa waliopata unga wa bandia. Tofauti yake ni muda wa kunywa kahawa. Ya Kanada, kwa watoto 886 na mchanganyiko wa bakteria wengine wawili, nayo haikuona faida. Cochrane waliporudia mahesabu mwaka 2020, kwa tafiti 82 na washiriki 12,127, walitenga zile zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa, na hizo zilionyesha kwamba huenda probaiotiki hazibadilishi chochote cha maana katika uwezekano wa kuhara kudumu saa 48 au zaidi.

Basi jirani yetu je? Kuhara kwa muda mfupi huisha kwenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja. Mzazi hukimbilia kemisti siku ya pili au ya tatu, hali ikiwa mbaya zaidi, na hiyo ndiyo siku ambayo ugonjwa wenyewe umekaribia kugeuka. Apigaye ngoma maji yakiwa yamejaa ataona yanapwa, na hatakosa kuisifu ngoma. Ili kujua kama ngoma inafanya kazi, lazima uwe na ufuo mwingine usiopigwa ngoma. Unga wa bandia kwenye utafiti ndio ufuo huo.

Wapo wanaosema, kwa haki, kwamba watoto wa Marekani na Kanada si watoto wa Faza au Marafa: wadudu ni wengine, maji ni mengine, na utapiamlo ni mwingine. Ni kweli, na hoja hiyo inakata pande zote mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Malawi, kwa watoto 795 wenye utapiamlo mkali, uliongeza probaiotiki kwenye chakula chao cha tiba na haukuona waliopata wakipona zaidi. Swali lake lilikuwa lingine kidogo, lakini halitupi sababu ya kudhani kwamba Afrika unga huu una nguvu uliyoikosa Marekani na Kanada.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilishauri mwaka 2020 usitumiwe kwa kuhara huku. Wenzao wa Ulaya, mwaka 2023, waliruhusu vijidudu vichache vilivyotajwa kwa jina, vikiwemo vitatu tulivyovitaja, huku wakikiri kwamba ushahidi ni dhaifu. Vile vichupa vya plastiki vya Bacillus clausii, ambavyo mbegu zake zinastahimili joto, hawakuvipendekeza. Mpango wa tiba wa Shirika la Afya Duniani ni maji ya ORS, zinki, na kuendelea kulisha. Ndiyo maana muuguzi alinyamaza.

Pana mahali pamoja ambapo probaiotiki zina ushahidi mzuri zaidi, napo husahauliwa: mtoto anayepewa antibiotiki kwa ugonjwa mwingine, tuseme nimonia, na tumbo likaharibika kwa sababu ya dawa hiyo. Mapitio ya mwaka 2019 ya tafiti 33 yaliona kuhara kwa namna hiyo kwa asilimia 8 ya waliopewa probaiotiki, dhidi ya asilimia 19 ya waliokosa. Huko ni kuzuia, na kwa tatizo jingine kabisa. Anayetumia hesabu hiyo kuuza unga kwa mtoto aliyekunywa maji machafu amechanganya habari mbili.

Ukiwa umeshaununua

Pesa ikizidi baada ya ORS na zinki, na mtoto ni mzima wa kawaida, unga huu kwa kawaida haumdhuru. Soma jina lote, kisha hesabu ya vijidudu. Kwa GG, kipimo kilichoruhusiwa Ulaya ni angalau bilioni 10 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Kwa ile hamira ni miligramu 250 hadi 750 kwa siku, muda huo huo. Kwa reuteri ni milioni 100 hadi 400 kwa siku, kwa siku 5. Kopo lenye milioni chache za kiumbe asiye na jina kamili ni peremende ya bei ghali.

Halafu kuna joto. Kila mpishi wa mahamri anajua kwamba hamira ikitiwa maji ya moto unga hauumuki. Hali ni moja kwa vijidudu hivi: visikorogwe kwenye uji unaofuka wala maziwa yaliyotoka jikoni sasa hivi. Kopo likisafiri kwenye buti ya gari kutoka Mombasa, likakaa juani kwenye gati la Mokowe, kisha likapangwa kwenye kabati la kioo linaloangalia jua la alasiri, tarehe ya mwisho iliyoandikwa haina maana tena. Muulize muuzaji linahifadhiwa wapi, na ulinganishe na joto lililoandikwa kwenye boksi. Kama mtoto anatumia antibiotiki na probaiotiki ni ya bakteria, ziachanishwe kwa saa 2 hivi.

Wasiopewa kabisa bila daktari: watoto njiti, walio na mrija kwenye mshipa mkubwa, na wenye kinga iliyodhoofika sana. Kwao kijidudu hai kinaweza kuvuka utumbo na kuingia kwenye damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya watoto njiti mwaka 2023.

Kinachotangulia

ORS inafanya kazi kwa sababu ukuta wa utumbo una mlango unaotaka funguo mbili kwa pamoja, chumvi na sukari, na zikiingia huyavuta maji nyuma yao. Mlango huo hubaki wazi hata mtoto akiwa na kipindupindu. Funguo lazima zilingane: kila lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti. Ukizidisha sukari, mambo yanageuka. Samaki aliyetiwa chumvi kuwa ng'onda hutoa maji yake. Soda na juisi hufanya vivyo hivyo ndani ya utumbo, zikayavuta maji ya mwili yakatoke na choo.

Makosa huanzia kwenye kipimo. Pakiti nyingi ni za nusu lita, lakini zipo za lita moja, kwa hiyo soma. Pakiti nzima kwa mara moja, ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyopimwa kwa chupa ya nusu lita. Anayemimina nusu pakiti kwenye glasi kwa kukisia humpa mtoto chumvi nyingi mno au kidogo mno. Usiongeze sukari, usichemshe baada ya kuchanganya, na yakifika saa 24 mwaga uanze upya. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvichumvi yanaharibu hesabu. Tumia ya mvua au ya kununua, nayo ya mvua yachemshwe.

Kila baada ya choo cha majimaji, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi kwa kijiko, polepole. ORS ikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, vitasukuma mpaka ipatikane.

Zinki ni kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa aliyetimiza miezi 6, na nusu yake kwa mdogo zaidi, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Inapewa siku 10 hadi 14. Wengi huacha choo kikifunga, na hapo wanaitupa faida yake ya pili, ya kupunguza uwezekano wa mtoto kuugua tena miezi inayofuata.

Maziwa lala? Ni chakula kizuri kwa aliyepita miezi 6, na sukari yake ya maziwa imepungua kwa kuchachuka, lakini hakuna ajuaye kibuyu kina nani na wangapi, na hayana chumvi ya kutosha. Madafu nayo yana potasiamu tele na sodiamu haba. Yanywewe juu ya ORS, si badala yake. Titi lisikatwe hata siku moja.

Na meno, ambayo husingiziwa sana: huanza kuota kwenye miezi 6 hivi, wakati ule ule mtoto anaanza kutambaa, kula vyakula vya nje na kutia kila kitu mdomoni. Meno na kuhara vimekutana njiani tu. Wanaochimba ufizi kutoa "meno ya plastiki" wanatoa machipukizi ya meno halisi, na kumwachia mtoto kidonda, damu na maambukizi. Utosi kudidimia nao si maradhi mengine ya kutafutiwa mganga wake. Ni dalili ya kukaukiwa.

Dawa za kufunga choo kama loperamidi hazipewi watoto wadogo, kwa kuwa huulaza utumbo na uchafu ukabaki ndani. Metronidazoli, ile inayojulikana mitaani kwa jina la Flagyl, haiui virusi, na kuhara kwingi kwa watoto ni kwa virusi.

Safari ya kituoni haingoji unga umalizike. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, choo kikionyesha damu, asipokojoa kwa saa 6, au akiwa chini ya miezi 2, apelekwe siku hiyo hiyo. Kwa aliye Kiwayu au Ndau, hiyo ni mashua na ni hesabu ya maji kujaa na kupwa, kwa hiyo chupa ya ORS ichanganywe kabla ya kuondoka. Kama mtoto yu macho na anaweza kumeza, apewe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili njia nzima, mpaka gatini.